Nani Aliyeyahisabu Mayai ya Nzige?

Katika karatasi yetu ya mwezi wa Rajabu 1441, uliowafikiana na Machi 2020, tuliandika maneno juu ya nzige walioingia Kenya. Tuliyaandika kwa haraka, na kwa ushujaa wa mtu asiyetazamia kuulizwa. Tulisema mambo mawili. La kwanza, kwamba nzige wale ni adhabu iliyowateremkia watu wa bara ya kaskazini kwa kuipuuza dini yao. La pili, kwamba nzige ni jeshi la Mwenyezi Mungu, na kwamba katika bawa la mmoja wao yalionekana maandishi yenye kueleza kuwa kila jike hutaga mayai tisini na tisa, na lau yangalitimia mia basi wangaliila dunia na vyote vilivyomo. Wasomaji wengi walitushukuru. Wengine waliikata ile karatasi wakaibandika madukani mwao.

Leo twaandika kuyarejea maneno yale. Msomaji na atustahamilie, kwani sababu ya kuyarejea ni ndefu kidogo, nayo yaanzia mbali na pwani, katika mji mdogo uitwao Korbesa.

Korbesa iko katika Kaunti ya Isiolo, upande wa Merti, karibu na Ewaso Nyiro, ule mto ushukao kutoka nyanda za Mlima Kenya na Aberdare, ukenda mashariki hata ukapotelea katika kinamasi cha Lorian. Wenyeji walio wengi ni Waborana, nao ni Waislamu. Mali yao ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwenzetu mmoja wa darasa alikuwa huko akisomesha watoto Kurani. Hatumtaji jina kwa kuwa mwenyewe hapendi. Maalim huyu ana ada moja ambayo sisi siku zote tukimcheka kwayo: hatoki nyumbani ila na daftari na penseli, na kila mdudu amwonaye humwandika. Huandika siku na saa, pahala, rangi, alikuwa akila jani gani, alikuwa peke yake au katika kundi. Hakusoma elimu hiyo katika chuo kikuu chochote. Aliianza utotoni kwa kufuata siafu ukutani. Na daftari lake ukilifungua hutakuta humo neno la kutia watu mshangao, wala mawaidha, ijapokuwa twamjua kuwa ni mtu wa uradi na wa kuamka usiku. Utakuta aliyoyaona, basi. Na pale asipoona ameandika: sikuona.

Mwaka huu alikuja likizo, nasi tukamtaka atusomee kidogo baina ya Magharibi na Isha. Alipokwisha, mzee wetu mmoja, mtu tumheshimuye sana, alisimama akasema kwa upole: "Maalim, Mungu akujazi kheri. Lakini mimi nina miaka sabini, na sijapata kusikia kuwa mtu ataulizwa kaburini juu ya viwavi." Watu wakacheka, na Maalim naye akacheka. Kisha mzee akaongeza neno ambalo halikuwa la kuchekesha. Alisema kwamba lile jambo la mayai tisini na tisa, hata kama sanadi yake ni dhaifu, limewatia watu hofu ya Mungu. Aliwaona kwa macho yake vijana waliorudi msikitini mwaka ule wa nzige na maradhi. Basi kuna faida gani kulivunja?

Hili ndilo suala letu. Je, yafaa kumtisha mtu kwa jambo lisilo kweli ili apate kumcha Mola wa kweli?

Tuwaeleze kwanza nzige wenyewe. Waliingia Kenya tarehe 28 Disemba 2019 kutoka Somalia na Uhabeshi, na katika wiki za mwanzo za Januari 2020 walikuwa wamekwisha kufika Isiolo. Kenya haikuwa imeona mfano wake kwa miaka sabini. Kundi lienealo kilomita moja ya mraba tu huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku moja hula chakula kiasi cha kuwatosha watu 35,000. Na kaskazini mashariki ya Kenya lilipimwa kundi moja lenye urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Huruka na upepo, na kwa siku huweza kwenda kilomita 150. Maalim anasema kuwa jambo lililomtisha zaidi halikuwa giza lao, ni sauti yao walipotua: kama mvua ndogo ikinyesha juu ya majani makavu, na hali mbingu ni nyeupe.

Na walitoka wapi? Wasomaji wetu wenye jamaa Salalah wanaikumbuka tufani ya Mekunu ya Mei 2018, na ile ya Luban iliyofuata Oktoba mwaka ule ule. Tufani mbili zile ziliunywesha mchanga wa Rubu al-Khali, jangwa ambalo miaka huenda na kurudi halipati mvua ya maana. Maji yakafanya vidimbwi baina ya milima ya mchanga, majani yakaota, na nzige wachache waliokuwako wakazaana vizazi vitatu mfululizo pahala ambapo hapana binadamu wa kuwaona. Kisha wakaingia Yemen, nchi iliyokuwa vitani na isiyoweza kuwapiga dawa, wakavuka maji mwaka 2019 hata pembe ya Afrika, wakakutana na mvua nyingine kubwa ya mwisho wa mwaka. Hayo yote yalikuwa kabla mtu yeyote wa Korbesa hajamwona hata mmoja wao.

Mwenye kubisha atasema: Mwenyezi Mungu hashindwi kuliandaa jambo kwa mwaka mmoja na nusu, na tufani nayo ni katika amri yake. Ni kweli tupu, nasi hatuikanushi kadari. Hatusemi kuwa upepo ndio uliofanya na Mola hayumo. Lakini hatukuulizwa kama Yeye aweza. Tumeulizwa: sisi tulijuaje? Nzige waliowashukia watu wa Firauni twajua kuwa walikuwa ni alama na adhabu, kwa sababu Mwenyewe aliyewaleta ametwambia hivyo katika Kitabu chake. Ama hawa wa Isiolo, ni wahyi gani ulioshuka, nao mlango wa wahyi umefungwa tangu alipofariki Mtume (S.A.W.)? Sisi tulikaa pwani, mazulia yetu yakiwa safi na maembe yetu mtini, tukaandika nia ya Mwenyezi Mungu juu ya watu ambao hata jina la mji wao tulikuwa hatuwezi kulitamka sawasawa.

Na mfano tulikuwa nao mikononi, tukauacha. Alipofariki Ibrahim, mwanawe Mtume, jua lilipatwa siku ile ile. Watu wa Madina wakasema, kwa mapenzi na kwa imani, kuwa jua limepatwa kwa msiba ule. Yafikirini haya enyi ndugu zetu. Hapana neno ambalo lingaliwatia watu taadhima kubwa kuliko hilo, na wala hakulizusha Mtume. Wao wenyewe walilisema. Lau angalinyamaza tu, wangalizidi kuamini. Yeye alikuwa baba aliyetoka kumzika mtoto wake. Akatoka mbele ya watu akawaeleza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu na wala hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Kisha akawaelekeza kwenye sala na dua. Haya yamethubutu katika vitabu sahihi. Alikataa kuitia nguvu dini ya kweli kwa maelezo yasiyo ya kweli, na hali faida yake ilikuwa dhahiri na tayari.

Sasa turejee kwenye mayai.

Ile hadithi ya maandishi ya bawani imo katika Hayat al-Hayawan ya Sheikh Kamaluddin ad-Damiri, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405). Ni kitabu kikubwa, na wengi pwani wamekitumia, wengine kwa elimu na wengine, twasema bila ya kificho, kwa kutafuta humo dawa na azima. Damiri alikuwa mkusanyaji. Alikusanya la nguvu na la dhaifu. Wajuzi wa hadithi hawakuikubali riwaya hiyo kuwa ni sahihi. Sisi tulilijua hilo, ama tuseme tulikuwa na njia ya kulijua tusiifuate, tukategemea ile kanuni kwamba hadithi dhaifu hustahamiliwa katika fadhila za amali. Kanuni hiyo ipo, na Imamu an-Nawawi na wengineo wameitaja. Lakini ina masharti yake, na katika hayo ni udhaifu usiwe wa kupita kiasi, na mtu asiitakidi kuwa neno hilo limethubutu. Zaidi ya hayo, idadi ya mayai si fadhila ya amali. Si sala ya usiku wala sadaka. Ni habari ya kitu kilichomo ndani ya mchanga, na mchanga wafukulika.

Maalim aliufukua. Mwezi wa Februari 2020 nzige waliokuwa wamegeuka rangi ya manjano, ambayo ndiyo rangi ya kukomaa kwao, walitua katika mchanga wenye unyevu karibu na Korbesa. Aliwaona majike wakididimiza matumbo yao ardhini, wakiyarefusha hata kikashuka chini kiasi cha urefu wa kiganja cha mkono, kisha wakitoa mayai yaliyopangana kama punje za mchele, na juu yake povu likaukalo likawa kizibo. Alikitia alama kila kishimo kwa kijiti. Baadaye akavifukua vifuko vitano, akayatenga mayai kwa mwiba juu ya kitambaa cheupe, akahisabu. Daftari lasema: 68, 74, 61, 79, 70. Chini yake ameandika: "Cha tatu labda yalipotea mawili nilipokuwa nikifungua."

Hatudai kuwa vifuko vitano ni hoja ya dunia nzima. Lakini wataalamu waliofanya kazi hii kwa miaka mingi wameandika kuwa nzige wa jangwani aliye katika kundi hutaga kwa kawaida mayai yasiyofika 80 katika kifuko kimoja, na yule aishiye peke yake hutaga zaidi, tangu 95 hata 158. Basi mia imepitwa zamani sana, na dunia ingalipo.

Msomaji atacheka hapa, nasi tulicheka. Maalim hakucheka. Kwani lazima mjue alizipata lini karatasi zetu. Zilimfikia Korbesa mwanzo wa Machi, naye alikuwa amekwisha kuhisabu. Akasimama msikitini baada ya Alasiri, kabla misikiti haijafungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, akawasomea watu, kwa kuwa ni karatasi ya masheikh wake na aliona ni utovu wa adabu kuikata katikati. Alipofika penye tisini na tisa, atuambia, ulimi wake ulikuwa mzito. Alijua kuwa anawasomea watu jambo ambalo mikono yake mwenyewe imelikanusha, nao walikuwa wakimwitikia kwa kichwa.

Tutarudi hapo msikitini. Kwanza twataka kusema neno juu ya viwavi, kwa kuwa mzee wetu aliwataja, na kwa kuwa kisa chao ni kigumu kuliko cha nzige.

Katika masika moja kabla ya mwaka wa nzige, majani ya malisho yalipoanza kuchipua, walitokea viwavi jeshi. Wenye mifugo wanamjua mdudu huyu: leo hayupo, kesho ardhi yote inatembea. Kwa hivyo watu wengi, bara na pwani, husema kuwa hushuka na mvua kutoka mbinguni. Maalim aliandika kuwa siku nane kabla yake, usiku wa mvua ya kwanza yenye radi, taa yake ya mkono ilikusanya nondo wa rangi ya majivu hata kioo kikawa hakionekani. Nondo hao ndio mama zao. Huja na upepo wa mvua kutoka mbali, hutaga mayai usiku juu ya majani, na baada ya siku chache mayai hupasuka. Lakini kiwavi mdogo ni mwembamba kama uzi na ana rangi ya jani, hapana amwonaye mpaka awe mnene na mweusi. Elimu hii si ngeni katika nchi zetu. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, walikuwa katika miaka ya 1960 wakiweka mitego ya taa kuwanasa nondo hao wawahisabu, ili watu wapate kuonywa mapema.

Aliona pia kuwa wale waliosongamana walikuwa weusi kama makaa, na mmoja mmoja aliyekuwa peke yake katika majani ya mbali alikuwa kijani. Wenyeji walimwambia kuwa hao ni makabila mawili. Yeye akachukua vichanga wa mama mmoja, akawatia ishirini katika chupa moja, na watano kila mmoja katika chupa yake. Wa ishirini wakawa weusi. Wa peke yao wakabaki na ukijani na ukahawia. Jambo hili wataalamu wamelijua tangu miaka ya 1940. Maalim hakujua kuwa linajulikana, na furaha aliyoipata usiku ule hatutamnyang'anya. Nzige naye ni hivyo hivyo. Watu walidhani panzi apendaye upweke na nzige wa makundi ni wadudu wawili, mpaka Boris Uvarov, mtaalamu mzaliwa wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi London, alipoeleza mwaka 1921 kuwa huweza kuwa ni mmoja, hubadilishwa na msongamano. Miaka yetu hii imejulikana zaidi: huanza kwa kuguswaguswa miguu ya nyuma na wenziwe, na kwa muda wa saa chache tabia yake huwa imegeuka. Hapa kalamu yetu ilitaka kukimbilia mawaidha juu ya watu na makundi, na tulikuwa tumekwisha kuandika nusu ukurasa. Tumeufuta. Mdudu huyu hakuumbwa ili atupunguzie kazi ya kufikiri juu ya nafsi zetu.

Kisa kigumu ni hiki. Viwavi walipozidi, watu wa Korbesa walikusanyika siku ya Ijumaa wakaomba dua, na baada ya siku mbili tatu viwavi wakatoweka. Furaha ikawa kubwa. Na Maalim, ambaye naye alikuwa katika waombaji na aliomba kwa machozi, daftari lake lasema kuwa siku ya Alhamisi, kabla ya dua, aliwaona wale wakubwa wakianza kujichimbia ardhini. Jumatatu alifukua kiasi cha upana wa vidole viwili akawakuta: vifuko vya kahawia vinavyong'aa, ndani yake kiwavi akigeuka kuwa nondo. Hawakuwa wametoweka. Walikuwa chini ya miguu ya watu waliokuwa wakishukuru, na baada ya siku saba hadi kumi wangalitoka wakaruka usiku na upepo kwenda kwenye malisho ya watu wengine.

Maalim hakusema. Aliogopa kuwa mtu dhaifu wa imani ataona dua haikufanya kitu. Tumejadiliana naye sana juu ya kunyamaza kwake kule, na sisi twaona alikosa, naye sasa aona vivyo hivyo. Dua ni ibada, tumeamrishwa. Hatukuamrishwa kuiwekea stakabadhi. Mwenye kuisadikisha dua kwa kuwa viwavi waliondoka Jumapili, ataikadhibisha watakaporudi masika yajayo. Na hapa ndipo waingiapo wale wauzao hirizi za shamba, na wale wazungushao ng'ombe mjini kwa kafara: wote hao hula kwa kutojua kwetu siku za kiwavi. Huja siku ya kumi na tano, hufanya mambo yao, hupokea mbuzi, na siku ya kumi na nane kiwavi hufanya lile ambalo angelifanya tu. Lau watu wa Korbesa wangaliambiwa siku ile, wangaliomba vile vile, tena wangaliwapigia simu jamaa zao walio upande uendao upepo, wakawaambia: jichungeni, waja.

Kuna na madhara ya mwilini, tusidhani ni ya itikadi peke yake. Nzige ni halali kwetu, na Maswahaba waliwala wakiwa vitani pamoja na Mtume (S.A.W.), sisi Mashafii hatumshurutishii hata kuchinjwa, na Imamu Malik akataka afe kwa sababu iliyofanywa na mtu. Yote hayo yamo vitabuni. Lakini nzige wa 2020 walipigwa dawa kali, kama fenitrothioni na klorpirifosi, na serikali ikawaonya watu wasiwale. Mtu aliyejua hukumu tu na asitake kujua nzige huyu amepitiwa na ndege gani asubuhi, huenda akala halali ikamdhuru yeye na wanawe. Mufti anahitaji mwenye daftari.

Wazee wetu wa zamani walilijua jambo hili. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (869), aliandika Kitab al-Hayawan, na humo alimsahihisha hata Aristotle, akidai dalili ya kuonekana. Haikuwa kila aliloandika ni sawa. Naye pia alibeba masikizi mengi. Lakini adabu ya kuuliza "nani aliyeona?" ilikuwa yetu kabla ya kuwa ya wengine. Kurani ina sura kwa jina la nyuki, na ya chungu, na ya buibui (mwenye miguu minane, Maalim angependa tuseme, kwa hivyo hahisabiwi na wadudu wa miguu sita), na katika Sura ya Bani Israil tumekatazwa kuandama tusilokuwa na elimu nalo, na tumeambiwa kuwa masikio na macho na moyo vitaulizwa. Basi tumjibu mzee wetu kwa heshima: juu ya viwavi labda hatutaulizwa. Juu ya macho tutaulizwa. Na aliyeanzisha kituo kikubwa cha elimu ya wadudu pale Nairobi mwaka 1970 alikuwa Mkenya, Thomas Odhiambo. Nasi twawauliza wazazi wa pwani, ni wangapi katika watoto wetu wenye macho makali ya namna ile, ambao tumewafinya masikio kwa kuchezea siafu?

Ama lile la vijana waliorudi msikitini kwa hofu ya mayai tisini na tisa, hatulidharau. Twafurahi kuwa walirudi. Lakini kijana huyo ana simu mkononi. Siku atakaposoma idadi iliyo kweli hatasema kuwa Damiri alikusanya dhaifu. Atasema masheikh walinidanganya, na atajiuliza ni lipi jingine walilomdanganya. Na ukweli huo sisi tutakuwa tumemnyima haki ya kuusikia kwanza kutoka kwetu.

Turudi msikitini Korbesa. Maalim alipomaliza kusoma karatasi yetu, mzee mmoja mfugaji alibaki nyuma. Malisho yake yalikuwa yameliwa yote, na mifugo yake ilikuwa imetawanyika kutafuta majani. Hakuwa na ghadhabu. Maneno yake yamo katika daftari, ukurasa mmoja na urefu wa tunutu na rangi zao, kwa tarehe yake:

"Maalim, mimi nafunga Ramadhani tangu sijabaleghe. Wanyama wangu nawatolea zaka. Hawa ndugu zetu wa pwani wameandika kuwa tuna kosa. Mimi nakubali, mwanadamu hakosi kosa. Lakini waandikie, waulize ni lipi, nipate kulitubia. Wao wamelijuaje, nami mwenyewe silijui?"

Maalim alimwahidi kuwa atatuandikia. Hakutuandikia, kwa kutuonea haya. Kisha nzige wakaondoka, na baada yao ukaja ukame: misimu mitano ya mvua mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua haikuwa ya kutosha. Yule mzee alifariki katika mwaka wa pili wa ukame. Maalim atuambia kuwa kila walipokutana kisimani alimuuliza kama jibu limekuja.

Jibu ni kwamba hatukujua. Hatukuwa na elimu yoyote ya kosa lake, wala la mji wake, na tulisema tusilolijua juu ya Muislamu mwenzetu aliyekuwa katika shida. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe na amrehemu.

Maalim arejea Korbesa baada ya Idi, naye amechukua nakala thelathini za karatasi hii. Moja ni ya watoto wa yule mzee, naye ataisoma msikitini baada ya Alasiri, mahali pale pale. Wenye nakala za Rajabu 1441, wakiwamo wale waliozibandika madukani, twawaomba wapige mstari maneno yetu juu ya watu wa kaskazini, na penye tisini na tisa waandike pembeni kwa wino: yalihisabiwa Korbesa, 68, 74, 61, 79, 70, cha tatu labda yalipotea mawili.